Mwalimu Mbwana, Mkate Umeumuka

Mwalimu wangu,

Shikamoo. Sijui huko uliko ni nani anayekuamkia asubuhi, kwa hiyo naanza na hilo. Ni mimi Siti, msaidizi wako, yule uliyemfundisha hisabati akiwa mwanafunzi kisha ukamng'ang'ania abaki chuoni akusaidie kusahihisha. Najua kinachomfikia aliyetangulia ni dua, si barua. Dua nimeshakuombea baada ya sala ya alfajiri. Sasa niache nizungumze nawe kidogo, maana nina habari njema, na kila niliyemweleza amefurahi kwa adabu tu. Wewe ungerusha kofia.

Ulipotuacha, Daktari Kilonzo alinikabidhi darasa lako, lile la kalkulasi kwa wanafunzi wa biolojia. Unamjua mkuu wetu wa idara: mtu wa haki, hana maneno mengi, na akinyamaza unatamani afadhali agombe. Alinikalisha kitako akaniambia kwamba wanafunzi wa darasa lile wamekuwa wakianguka mwaka baada ya mwaka, hata wakati wako. (Usinikasirikie, nakupa maneno yake.) Akanipa muhula mmoja. Matokeo yasipopanda, darasa lingefutwa, na wanabiolojia wangepelekwa ukumbi mkubwa wakachanganywe na wanafunzi wa uhandisi.

Darasa lile ulilipigania tangu mimi sijui hata kusoma grafu. Ulikuwa ukiwaambia wakubwa, "Mtoto anataka kujua chaza anakuaje, nyinyi mnampa daraja la chuma." Minazi yako ina ndugu zako wa kuiangalia, nyumba yako ina mkeo. Mimi ulichoniachia ni darasa, na nilikuwa karibu kulipoteza kabla hata nyasi hazijaota juu ya kaburi lako.

Basi nikaamua kufundisha kama wewe. Cheka tu, una haki. Unakumbuka ulivyokuwa ukivua kofia yako na kuiweka mezani kila ulipokaribia hesabu ngumu? Darasa zima lilikuwa likinyamaza, likijua sasa mambo yanakuja. Mimi kofia sina. Nikavua miwani, nikaiweka mezani kwa madaha, nikageukia ubao na sikuona kitu. Nikaandika jibu juu ya swali. Kijana mmoja wa mbele akanisomea ubao kwa upole, kama anayemsomea bibi yake.

Kisha nikamleta mbuzi. Yule mbuzi wa shangazi yako wa Majoreni, aliyenenepa katika mifano yako kwa miaka yote ile: wiki hii ana uzito huu, wiki ijayo ana uzito ule, je, leo ananenepa kwa kasi gani? Kwako walikuwa wakicheka mpaka machozi, na wako walioapa kwamba mbuzi ni wa kweli. Nilipomtaja mimi hakucheka mtu. Msichana mmoja aliyekuwa akirudia somo, aliyewahi kufundishwa nawe, aliuliza kwa sauti ndogo, "Madam, yule mbuzi bado yupo?" Nikasema yupo, alhamdulillahi, mzima wa afya. Nikaomba ruhusa, nikatoka nje, nikalia nyuma ya tangi la maji.

Jaribio la kwanza lilikuwa msiba mwingine. Walikwama pale pale ulipokuwa ukisema wanakwama wote. Kasi ya kati ya saa moja na saa nyingine waliiweza: chukua ongezeko, gawa kwa muda, basi. Lakini nikiwaambia sasa tunataka kasi ya hapa hapa, ya sasa hivi, na muda tuupunguze mpaka ukaribie kuwa si kitu, walinitazama kana kwamba nimewaambia wapime kivuli kwa kibaba. Wengine walikuwa wameshaanza kuulizia ukumbi mkubwa una viti vya namna gani.

Ramadhani ikatukuta hapo. Kipindi chetu kilikuwa baada ya adhuhuri, na joto la Ukunda saa zile unalijua. Walikaa mbele yangu wamelegea, midomo imekauka, na mimi pia nimekauka, nazungumza na ubao. Siku moja Mwanaisha akafunga daftari lake kwa kishindo. Huyu ni binti wa kwetu Msambweni, mdomo wake hauna pazia. Akasema, "Madam, mimi nimefunga, nina njaa, na hiyo x yako sijui kama ni mtu au ni mti. Ni kitu gani hasa kinachokua hapo?"

Hasira zangu unazijua. Nikamwambia, "Kikue unachotaka wewe!"

Akasema, "Basi na liwe rojo la mkate wa kumimina, maana tangu asubuhi ndilo ninaloliwaza."

Darasa likacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kulisikia likicheka tangu uondoke, na nikabaki nimesimama na chaki mkononi. Hamira ni kiumbe hai, Mwalimu, na hawa ni wanabiolojia. Hamira inakula sukari, inazaliana, inapumua, rojo linapanda. Mwanzo inajivuta, kisha inakwenda mbio, kisha inachoka. Wiki nzima nilikuwa nimeuchora mchoro huo huo ubaoni na hakuna aliyeutambua, hata mimi niliyeuchora.

Jioni ile nikaenda kwa Bi Zuhura. Mkeo alikuwa ameshatoka eda, lakini alikuwa bado hatoki nyumbani, na nyumba ilikuwa kimya mpaka nikasikia saa ya ukutani nikiwa mlangoni. Niliogopa kumchosha. Nilipomwambia nataka kuwaleta wanafunzi wako waumue mkate wa mchele uani kwake, wapime unavyopanda, kisha tufuturu pamoja, alinitazama juu mpaka chini. Akauliza, "Na mchele ataroweka nani? Nyinyi?" Akainuka kwenda kutafuta masufuria. Nilimsikia huko ndani akigombana na mifuniko, na moyo wangu ukatulia.

Nami kwa kichwa changu kigumu nikamwalika Daktari Kilonzo. Nilitaka aone kwa macho yake kabla hajalifuta darasa. Nilipokwisha kumwalika ndipo nilipoingiwa na hofu, kwa sababu kama siku ile ingeharibika, nisingekuwa na la kumwambia tena.

Siku yenyewe walijaa uani, wameketi juu ya mikeka na rula zao. Tukagawana makundi matatu. Bi Zuhura alisaga mchele kwa tui la nazi na iliki, akatia hamira, akawagawia rojo sawasawa. Kila kundi likatia sukari lenyewe, likamimina rojo kidogo katika chupa ya kioo iliyobandikwa utepe wenye alama. Lililobaki likaachwa sufuriani chini ya kanga, tayari kwa futari. Kazi yao ilikuwa kusoma chupa, kuchora, na kunieleza rojo linapanda kwa kasi gani.

Ugomvi haukuchelewa. Brian, kijana wa Kitui, alikuwa akisoma chupa ya kundi lake mara moja moja, kisha anajilaza kivulini. Mwanaisha yeye alikuwa ameikodolea macho chupa yake kama mtu anayelinda maziwa yasifurike. Walipolinganisha, Brian akasema rojo linapanda polepole. Mwanaisha akasema wa polepole ni yeye.

"Wewe unachukua tangu tulipoanza mpaka sasa," akamwambia, "unachanganya na ule wakati lilipokuwa limelala! Punguza muda!"

Brian akapunguza. Kasi ikapanda.

"Punguza tena!"

Akapunguza tena. Kasi ikapanda, lakini kidogo tu.

Basi kundi zima likaingia, watu na saumu zao, "Punguza! Punguza!" mpaka jirani akachungulia juu ya ukuta kuuliza tunagawana nini. Na Brian akaitazama karatasi yake, akasema taratibu, "Madam, nikiendelea kupunguza hizi namba zinakaribia kitu kimoja. Zinagoma kupita hapo."

Mwalimu, hilo ndilo lenyewe. Lile ulilokuwa ukilitafuta kwa kofia na mbuzi lilikuwa limesemwa na mtu mwingine, na mimi nilikuwa nimeketi juu ya kibao cha mbuzi nikikuna nazi.

Wakati huo wote kundi la Kassim lilikuwa halina habari. Unamkumbuka Kassim, yule mrefu anayejua kila kitu; naye anarudia somo. Chupa yao ilikuwa imesimama pale pale. Mchoro wao ulikuwa mstari uliolala chali. Kassim akatangaza kwamba hamira imekufa, innalillahi, na kwamba kundi lake halina kosa.

Mwanaisha akaenda akaiangalia ile karatasi. Akasema, "Hamira ni moja, Bi Zuhura ametia mbele yetu. Kwetu inakwenda mbio, kwenu kasi ni sifuri tangu mwanzo. Haiwezi kufa kwenu peke yenu. Ni kitu gani mmetia wenyewe?"

Kila mtu akageukia mikebe. Bi Zuhura huweka chumvi ya mawe, ile ya chenga kubwa, katika mkebe ulio pacha wa mkebe wa sukari. Kwa jicho huwezi kutofautisha. Kwa ulimi unaweza, lakini ndimi zote pale uani zilikuwa zimefunga. Hata Brian, ambaye si Mwislamu, siku ile alikuwa amefunga nasi kwa heshima, na walipomsihi aonje alikataa katakata. "Nimetoka mbali na hii saumu," akasema, "siwezi kuiharibu saa hii."

Bi Zuhura akaja na kijiko. "Kwani madrasa mlikuwa mkilala? Mpishi ana ruhusa ya kuonja kwa ncha ya ulimi akatema!" Akaonja, akatema, akasukutua. Kisha akacheka. Kile kicheko chake cha kushika kiuno, Mwalimu, ambacho sijakisikia tangu uzikwe. Alicheka mpaka akaketi chini, na Kassim mwenyewe akashindwa kujizuia.

Mimi sikucheka bado. Lile sufuria lililoharibika ndilo lililokuwa la meza ya Daktari na wageni, na jua lilikuwa limeshaanza kushuka. Nikasimama kutaka kutoa amri, lakini walikuwa wameshanitangulia. Bi Zuhura alikuwa anasaga mchele wa akiba, Kassim anafunua mikebe na kumwonyesha kila anayepita ili awe na mashahidi, na Mwanaisha amezitandaza grafu mbili nzuri juu ya mkeka. Swali lilikuwa moja tu: rojo jipya litawahi adhana?

Wakalikalisha sufuria ndani ya beseni la maji ya uvuguvugu. Wakasubiri lianze kupanda, wakasoma kasi yake, wakailinganisha na kasi ya lile la mwanzo lilipokuwa limefika kimo hicho hicho. La sasa lilikuwa kali zaidi. "Linawahi," akasema Brian. "Haliwahi," akasema Kassim, "mnasahau kwamba baadaye linachoka." Wakarudi kwenye grafu kutafuta ni wapi hasa lilipoanza kuchoka. Hakuna aliyeniuliza kitu. Hakuna hata aliyeniangalia.

Katika kelele hizo sikumsikia Daktari Kilonzo akibisha hodi. Nilipogeuka alikuwa amesimama mlangoni mwa ua, tikiti maji kwapani, anawatazama wanafunzi wanaogombania mteremko wa mstari kama watu wanaogombania kiti. Nikamkimbilia kumsalimu. Akaniashiria kwa mkono ninyamaze.

Akaliweka tikiti lake chini. Kisha akamwendea Kassim, aliyekuwa akipiga kelele kwamba sasa hivi, sasa hivi rojo litiwe motoni. Akamuuliza kwa ile sauti yake ya mtihani, "Kwa nini usingoje mpaka lifike juu kabisa?"

Kassim hakujua hata anazungumza na nani. Akajibu bila kugeuka, "Likifika juu kabisa kasi ni sifuri, na baada ya sifuri inakuwa hasi. Litaanguka, lichache. Tunalitaka likiwa bado linapanda lakini limeanza kuchoka, moto ulimalizie." Ndipo akageuka. "Lo! Shikamoo, Daktari."

Mkuu wetu wa idara alicheka kwa sauti. Mimi sikujua kama ana meno mengi kiasi kile.

Rojo likatiwa motoni, makaa chini na makaa juu ya mfuniko. Adhana ya magharibi ilipoadhiniwa mkate ulikuwa umeshapinduliwa kwenye sinia, umevimba katikati, vitobo vimejaa juu. Tukafungua kwa tende na maji, tukaukata. Ulikuwa mtamu, Mwalimu. Bi Zuhura alimkatia Daktari kipande kikubwa kuliko cha mtu yeyote, na Daktari alikimaliza akaomba kingine. Kassim alikula kama mtu aliyeachiwa huru.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilikuwa nimeketi pale, mkono una mkate, wanafunzi wanataniana, ndipo nilipogundua kwamba tangu alasiri sikuwa nimekukumbuka hata mara moja. Uani kwako! Na mkeo mbele yangu! Tangu ufariki sijapitisha saa moja bila ya wewe kunijia: ningesimama ubaoni nikiwaza Mwalimu angesema nini, angeshika chaki vipi, angecheka wapi. Na siku ile, siku iliyokuwa na maana kuliko zote, uliondoka kabisa kichwani mwangu na kazi ikaenda. Nilicheka peke yangu. Halafu nikalia, na Bi Zuhura akanisogeza kwake bila kuuliza chochote. Nadhani alijua. Nadhani hata yeye alikuwa amekusahau kidogo, alipokuwa akicheka na kijiko chake.

Daktari alipokuwa anaondoka alisimama mlangoni, akavaa viatu vyake polepole. Akasema, "Mwalimu Siti, hawa wangelala kwenye ule ukumbi mkubwa." Hakuniahidi kitu. Alisema tu mtihani uko pale pale.

Na mtihani ulikuja, na haukuwa na mkate wala chupa. Niliusimamia nikiwa na hofu kuliko wao. Matokeo yametoka baada ya Idi. Wengi wamepita, na walioanguka hawakuanguka kwa kuacha karatasi tupu kama zamani. Walijaribu, wakakosea njiani. Mwanaisha amewapita wote, na ameshaanza kunifundisha namna ya kufundisha. Kassim amepita kwa tabu, lakini anasema ni chumvi. Leo asubuhi Daktari ameniita tena, akanikalisha kitako tena. Darasa halifutwi, Mwalimu. Linabaki lilipo, na wanabiolojia wake, na nimepewa mimi, bila ya neno "kwa muda" nyuma yake.

Nilitoka ofisini kwake nikimwamkia kila niliyemkuta, hata mtoto wa muuza maji. Nikaenda moja kwa moja kwa Bi Zuhura, akapiga kigelegele mpaka jirani yule yule akachungulia tena. Siku hizi wanafunzi wanamtembelea hata bila ya kazi. Brian humpelekea mboga, na ameambiwa akija mikono mitupu ataingia vilevile. Nyumba yako ina kelele, nimeona nikuambie hilo ili upumzike.

Nakukosa sana. Nakukosa saa za kahawa, unapotaka kunieleza jambo na kahawa inapoa mkononi mwako. Nakukosa unavyosahihisha ukinung'unika "Subhanallah" kwa kila jibu baya na kwa kila jibu zuri vilevile, mpaka mtu asiyejua hawezi kujua nani amepita. Hayo hayatapungua, na sitaki yapungue.

Sasa niache nikuage, maana kengele imelia. Mwenyezi Mungu alitie nuru kaburi lako, alipanue, akupe huko majibu ya yale maswali uliyokuwa ukimsumbua nayo hapa. Ahadi yangu kwako ni moja, na naitoa kwa mapenzi yote niliyo nayo: darasa lako nitalitunza, na sitalifundisha kama wewe. Kwaheri, Mwalimu wangu. Wapya wameshafika mlangoni, na sijui bado ni kitu gani kitakachokua leo.

Mwanafunzi wako,
Siti